Tumbo la Dada Naima

Kwetu Ipagala, hapa Dodoma, asubuhi huanza na ugomvi wa kioo. Kioo ni kimoja, kimeegemezwa dirishani, na wasichana tuko wawili: mimi Mwantum, na dada yangu Naima. Mwaka ule mimi nilikuwa darasa la tano na yeye la sita. Naima alikuwa akibana pini ya hijabu yake ya shule, anaitoa, anaibana tena, huku mimi nikirukaruka nyuma yake nione angalau pua yangu. Mama alikuwa uani akimimina mafuta ya alizeti kwenye chupa za kuuza, na sauti yake ilitufikia bila shida.

"Nyie wasichana! Mnakwenda shule au mnakwenda harusini?"

Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea magrili ya madirisha, alikuwa akinywa chai yake amesimama, akicheka, kisha akiondoka kwenda karakana.

Nampenda sana dada yangu. Nalisema jambo hili mapema, kwa sababu mbele nitaeleza jinsi nilivyomkosea, na sitaki mtu anihukumu kabla hajajua hilo.

Mwezi wa nne Naima alianza kuniachia kioo bila ugomvi. Alikaa kitandani akishika tumbo upande wa kushoto, chini kabisa.

"Unaumwa?" nilimwuliza.

"Kidogo tu. Usimwambie Mama. Akijua atanizuia kucheza netiboli, na mashindano yamekaribia."

Naima alikuwa mfungaji hodari wa timu ya shule, kwa hiyo nilimwelewa. Wiki hiyohiyo kifungo cha sketi yake kilikataa kufika kwenye tundu. Nyumbani kwetu mwenye mkono wa sindano ni mimi. Aliniomba nikisogeze, nami nikakisogeza upana wa vidole viwili. Baada ya siku kumi hivi kikabana tena, nikakisogeza tena. Kisha mara ya tatu. Kila mara aliniapisha nisimwambie mtu, na juu ya sketi alivaa sweta, hata jua la saa saba likiwaka.

Siku moja mazoezini aliruka kudaka mpira, akaanguka, hakuinuka. Mwalimu Germana, mwalimu wetu wa malezi, alimkimbilia na kumfungua sweta apate hewa. Aliliona tumbo. Hakusema kitu mbele ya wanafunzi. Alimpigia Mama simu, wakampeleka Naima zahanati, na huko akapimwa mkojo. Kipimo kilionyesha mistari miwili. Maana yake, walisema, Naima ni mjamzito.

Labda mnadhani nyumbani kulikuwa na fimbo na makelele. Hapana. Mama alilia, akajifuta uso, akapika wali na maharage ya nazi, chakula anachokipenda Naima. Mwalimu Germana alikuja mpaka nyumbani akamshika mkono.

"Usikate tamaa, mwanangu," alisema. "Siku hizi msichana akijifungua anarudi darasani. Mimi mwenyewe nitakutunzia nafasi yako."

Baba alikaa naye barazani. Mikono yake yenye makovu ya cheche aliiweka juu ya magoti, hakujua aifanyie nini.

"Nitajie tu huyo mtu," alisema. "Sitakufokea."

"Baba, hakuna mtu. Wallahi hakuna mtu aliyenigusa."

"Sawa. Ukiwa tayari utaniambia."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku, kwa upole, kwa mapenzi, kwa sahani iliyojaa. Wote walikuwa tayari kumsamehe dada yangu. Hakuna aliyekuwa tayari kumwamini, na naona sasa kwamba kusamehewa kosa ambalo hukulifanya kunaumiza kuliko kuchapwa.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua nguo. Naima aliacha kusugua, akaangalia povu kwenye beseni.

"Mwantum, nikitaja jina lolote, unafikiri wataacha kuniuliza?"

"Jina la nani?"

"La yeyote. Edward wa darasani kwetu, kwa mfano. Huwa ananiazima rula." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Edward hajafanya kitu. Watamharibia maisha yake bure."

Hapo ndipo nilipomkosea. Nilisema, "Kama ni yeye kweli, Dada, mtaje tu yaishe."

Naima alinitazama. "Hata wewe?" alisema.

Hakuniambia neno jingine siku ile. Na mimi habari za kifungo nilizidi kuzificha. Niliona kwamba nikisema tulikuwa tunaficha sketi iliyobana, watazidi kumwona mwongo. Nilidhani namlinda. Kumbe nilikuwa nimekalia kitu ambacho kingemsaidia.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Baba aliamua Naima akakae Kondoa kwa Bibi Mwajabu, mama mzazi wa Baba, mpaka atakapojifungua, mbali na macho ya majirani. Mimi nilitumwa nimsindikize. Njia nzima kwenye basi Naima aliegemea dirisha na kila tuta lilimfanya akunje uso.

Bibi Mwajabu ni mfupi, mkali, na ana utani usioisha. Kwa miaka arobaini alikuwa mkunga wa kijiji. Baadaye kituo cha afya kiliwapa wakunga wa jadi semina, wakafundishwa kuwapeleka akina mama hospitali, na tangu hapo Bibi anasindikiza tu, lakini wanawake bado wanapita kwake njiani kumsalimu.

"Shikamoo, Bibi," tulisema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwantum, umerefuka mpaka utagonga mlango. Naima, mbona uso umekonda hivyo? Hebu ingia ndani ulale hapo."

Alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akaviweka juu ya tumbo la Naima. Bibi akifanya kazi huimba chinichini kwa Kirangi. Aliimba, akabonyeza katikati, akabonyeza kushoto, kisha akaacha kuimba.

"Tumbo hili lilianza kuvimba lini?"

Naima aligeukia ukuta. "Bibi, hata nikisema, utaniamini?"

"Sijakuuliza kuhusu kuamini. Nimekuuliza lini."

"Sikumbuki vizuri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kiapo changu kilikuwa kinanibana. Lakini niliona uso wa Bibi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe haukuwa na utani hata kidogo. Niliogopa.

"Mimi nakumbuka," nilisema. "Nilisogeza kifungo cha sketi yake mara tatu, Bibi. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya kufungua shule mwezi wa nne. Mara ya mwisho majuma matano baadaye. Na alikuwa anaumwa tangu mwanzo, upande wa kushoto. Aliniapisha nisiseme. Nisamehe, Dada."

"Sketi iko wapi?" aliuliza Bibi.

Niliitoa kwenye begi la Naima; ilikuwa ndiyo sketi pekee iliyomtosha. Bibi aliisogeza kwenye mwanga, akatafuta matundu ya sindano pale kifungo kilipokuwa zamani, akapima kwa vidole vyake. Vidole viwili, viwili, tena viwili. Kisha alimwuliza Naima maswali mengine ya kike ambayo si lazima niyaandike hapa, na safari hii Naima alimjibu yote.

"Sikilizeni," alisema Bibi. "Mimba huja taratibu, na hukaa katikati kama mwenye nyumba. Hiki kimekuja mbio, kimekaa upande mmoja, na ni kigumu. Mikono yangu inamjua mtoto. Hiki haikijui."

"Kwa hiyo ni nini?" niliuliza.

"Sijui. Na kwa kuwa sijui, sikai nacho nyumbani. Vaeni viatu."

Naima alianza kulia, kilio kikubwa kilichokuwa kimemkaa kifuani wiki nyingi. Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akampigia Baba simu huku akitafuta mtandio wake.

"Hasani, nampeleka mtoto hospitali."

Tulisikia sauti ya Baba. "Mama, ameshapimwa. Kipimo kimesema."

"Kipimo kiliulizwa swali moja, kikajibu hilo moja. Mimi nina maswali mengine."

"Lakini, Mama..."

"Aliyemzaa mwenzake ni wewe au mimi?"

"Haya, Mama," alisema Baba.

Hospitali ya pale Kondoa walimpima kwa altrasaundi, ile mashine inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo. Mfuko wake wa uzazi ulikuwa mtupu. Hakukuwa na mtoto. Pembeni, kwenye ovari ya kushoto, kulikuwa na uvimbe mkubwa kiasi cha papai dogo. Tulipewa barua, na kesho yake tulirudi Dodoma kwenye hospitali kubwa. Mama na Baba walitungoja mlangoni. Mama alimkumbatia Naima akashindwa kumwachia. Baba alisimama nyuma yao akitazama viatu vyake.

Alifanyiwa upasuaji siku ya nne. Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, na majibu yalipokuja nilimsikia Baba akilitamka neno lile kwenye simu: saratani. Nilikuwa nimebeba chupa ya uji. Nilikaa chini sakafuni palepale. Kwa akili yangu, mtu akiambiwa ana saratani ameambiwa anakufa, na nilikumbuka maneno yangu ya kwenye beseni nikaona kwamba dada yangu atakufa akijua sikumwamini.

Aliyeniinua alikuwa Daktari Anna, yule aliyempasua Naima. Ni mama mnene mwenye sauti ya chini. Alinishika bega akanipeleka mpaka kitandani kwa Naima, ambako walikuwa Mama, Baba na Bibi. Mwalimu Germana alikuwa ametuletea bakuli la zabibu kubwa nyeusi za hapa Dodoma.

"Huyu mdogo mtu hajaelezwa kitu, na anayeogopa sana ni asiyeelezwa," alisema daktari. "Nipeni zabibu moja."

Aliipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akatuonyesha.

"Kila msichana ana ovari mbili tumboni, ndogo, moja kila upande. Ndizo zinazotunza mayai. Nazo, kama zabibu hii, zina ganda, zina nyama, na zina mbegu. Saratani ni seli za mwili zilizosahau kuacha kuzaana. Zinaongezeka bila mpangilio mpaka zinafanya uvimbe. Sasa, aina ya saratani inategemea seli zilizoanza ni za wapi."

Aligusa ganda. "Aina inayoonekana zaidi ni ya hapa juu, kwenye utando wa nje. Hii huwapata zaidi wanawake watu wazima, hasa waliokwisha kukoma hedhi. Na tumekuja kugundua kwamba nyingi kati ya hizi hazianzii kwenye ovari yenyewe. Zinaanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, jirani kabisa, kisha zinahamia kwenye ovari. Nyingine hukua polepole kwa miaka, nyingine haraka. Mara nyingi zinajificha. Mama anaona tu tumbo linajaa gesi, anashiba upesi, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, anadhani ni maharage."

Bibi aliguna. "Wangapi nimewaambia ni maharage," alisema kwa sauti ndogo.

"Aina ya pili," aliendelea daktari, "ni ya hii nyama inayoshikilia mbegu. Seli hizi kazi yake ni kutengeneza homoni, zile kemikali za mwili zinazomfanya msichana akue. Uvimbe ukianzia hapa, homoni zinaweza kuzidi. Mtoto mdogo anaweza kuota matiti kabla ya wakati, au bibi aliyekoma hedhi akaanza kutoka damu tena. Aina hii ni chache."

"Na ya Naima?" niliuliza.

"Ya Naima imeanzia kwenye mbegu, yaani seli zinazotengeneza mayai. Hii nayo ni chache, lakini ikitokea huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Hukua mbio. Ndiyo maana ulisogeza kifungo mara tatu. Bibi yako ameniambia."

Niliona haya, nikainamisha kichwa.

"Baadhi ya uvimbe wa aina hii," alisema daktari, sasa akimgeukia Baba, "hutengeneza homoni ileile inayotengenezwa wakati wa ujauzito. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni hiyo tu. Kiliikuta, kikasema ipo. Kipimo hakikudanganya. Na mtoto huyu pia hakudanganya."

Baba aliweka mkono usoni.

"Atapona?" aliuliza Mama.

"Nina matumaini makubwa. Ovari moja tumeiondoa pamoja na uvimbe, nyingine ni nzima tumeiacha. Na aina hii ina tabia moja nzuri: inasikia dawa kuliko zile nyingine. Atatiwa dawa kwa dripu, kwa awamu, miezi kama mitatu. Zitamchosha, na nywele zitatoka. Zitaota tena. Lakini mngechelewa, ningeongea nanyi maneno mengine leo."

Naima, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka, aliongea kwa mara ya kwanza. "Nilifanya nini mpaka nikaupata ugonjwa huu?"

"Hukufanya kitu. Hukula kitu kibaya, hukurogwa, hukuambukizwa, wala huwezi kumwambukiza mtu. Na wewe, Mwantum, usikimbie kila tumbo likivuta ukadhani ni saratani. Matumbo yanauma kwa mambo mengi. Lakini maumivu yasiyoisha, au uvimbe, mwambie mtu mzima. Asipokusikiliza, mwambie mwingine."

Daktari alipoondoka nilipanda kitandani upande ambao haukuwa na kidonda.

"Nisamehe kwa yale ya kwenye beseni," nilimwambia Naima.

"Nitakusamehe," alisema, "ila kioo ni changu mwaka mzima."

Miezi ile haikuwa rahisi. Siku za dawa Naima alitapika, hakutaka kusikia hata harufu ya chai. Nywele zilipoanza kutoka, Mama alimnyoa kwa mikono yake, na kisha, bila kuambiwa na mtu, akaketi kwenye kigoda na kuniambia nimnyoe na yeye. Mwalimu Germana alikuja kila Ijumaa na madaftari. Alimwomba Naima radhi siku ya kwanza tu alipoingia, machozi yakimtoka, na Naima akamwambia asilie kwenye daftari la hisabati.

Baba pekee ndiye aliyekuwa hajaomba radhi. Alimbeba Naima mgongoni siku alizoshindwa kutembea, alilala kwenye benchi la hospitali, lakini neno lenyewe lilikuwa halimtoki.

Mwezi wa kumi na moja vipimo vilikuja safi. Daktari alisema ataendelea kumwangalia kwa muda mrefu, lakini Naima arudi shule mwezi wa kwanza. Baba akaandaa dua ya shukrani nyumbani. Bibi alikuja kutoka Kondoa, majirani walijaa mikekani, wale wale waliokuwa wamenong'ona. Dua ilipokwisha na masinia ya pilau yakaletwa, Baba alisimama. Si msemaji, Baba.

"Jamani, kabla hatujala. Wengi wenu mlisikia habari kuhusu binti yangu. Hazikuwa kweli. Ni mimi niliyemwondoa hapa kwa aibu. Mtoto aliniapia kwa Mungu, nami nikajiona baba mwema kwa sababu sikumpiga. Nilimwuliza nani, nani, nani. Sikumwuliza hata siku moja, unaumwa wapi? Kama si mama yangu aliyekubali kusema sijui, na kama si huyu mdogo aliyesema anachokijua hata kama kingemletea matata, leo tungekuwa tumekusanyika kwa jambo jingine. Watoto mlio hapa, mwili ukikusumbua usiufanye siri, na ukiujua ukweli unaoweza kumsaidia mwenzako, useme. Na sisi wakubwa tujifunze kusikiliza mpaka mwisho." Alimgeukia Naima. "Ulisema kweli, mwanangu, nikakukatalia. Nisamehe."

Hata watoto wadogo waliacha kutazama pilau. Mimi nilikuwa nalia waziwazi wala sikuona haya.

Naima aliinuka. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi na laini chini ya mtandio. Alichukua birika la maji na bakuli la kunawia, kazi ambayo kwetu huifanya mtoto wa nyumba mbele ya wageni. Kwa heshima alipaswa kuanza na mashekhe, kisha wazee, kisha wageni waliotoka mbali.

Aliwapita wote, akapiga magoti mbele ya Baba. Baba alinyoosha mikono yake yenye makovu ya cheche, na dada yangu akammiminia maji.